Ubeti wa Otto Mann

Lerato alinipigia saa nne asubuhi, nimefungua simu ya mteja kibandani kwangu Rosettenville, huku Sauzi, skrubu zimetapakaa mezani.

"Kaka Naseeb, unasoma Kiarabu?"

"Miaka saba ya madrasa, Tanga. Nani anauliza?"

"Mimi, nimekwama. Njoo chuoni Braamfontein. Saa nane msimamizi wangu anaiondoa sura ya tasnifu yangu."

Baba yake Lerato ni Msauzi aliyewahi kuishi ukimbizini, mama yake wa Morogoro. Chuoni anaandika tasnifu kuhusu wasomi Weusi wa mwanzo, waliochunguza maisha ya watu wa mji huu halafu wakasahauliwa. Sura yake kubwa inahusu kitabu cha zamani cha profesa mmoja Mzungu, aliyesifiwa kwa kuhoji nyumba mia mbili na tisini za wafanyakazi Weusi. Lerato anasema profesa hakuhoji hata moja, maana hakujua lugha ya mtu yeyote humo. Ila katika dibaji amemshukuru mtu mmoja tu, karani wake, Otto Mann.

"Mjerumani," msimamizi alimwambia. "Mweusi wako yuko wapi? Lete ushahidi, la sivyo sura iondoke."

Nilifunga kibanda. Saa sita nilikuwa kwenye chumba cha nyaraka, mbele ya jalada lililoandikwa "Sala za Kiarabu". Lilitoka kwenye sanduku la profesa.

"Imamu mmoja aliliona," Lerato alininong'oneza. "Akasema ni Kiarabu kibovu."

Nikasoma mstari mmoja, nikacheka mpaka mama mtunza nyaraka akanikazia macho.

"Hiki si Kiarabu, dada. Ni Kiswahili kimevaa kanzu, kwa herufi za Kiarabu. Babu yangu aliandika barua zake zote hivi."

Maneno yalikuwa yamefululizwa kama insha, labda kwa uhaba wa karatasi, lakini sikio langu liliyakamata. Nane, kituo, nane: shairi. Mizani nilijifunza mwenyewe, kwa vidole, huku wateja wakiniita malenga wa chaja. Leo malenga wa chaja alikuwa na kazi.

Na mtunzi yule alikuwa msomi, wallahi. Anaeleza kuwa aliwahoji wanawake kwanza, kwa sababu wanaume humdanganya mgeni idadi ya watoto. Anaeleza nani amerudisha mwanawe kwa bibi, na kwa nini. Lerato alikuwa akiandika.

"Hii imo kitabuni," akasema. "Ukurasa wa arobaini. Profesa anasema njia hiyo alibuni yeye. Lakini jina, kaka. Bila jina nimekwisha."

"Tulia. Malenga wa kwetu haondoki bila kuacha jina mlangoni."

Nikarukia ubeti wa mwisho, nikausoma:

*Kaditama namaliza, kalamu naweka chini,*
*Nyumba nilizouliza, mia mbili na tisini,*
*Jina langu naeleza, Athumani wa Pangani,*
*Mzungu kanigeuza, si mimi wa kitabuni.*

"Kamgeuza nini?" Lerato akauliza.

"Sijui. Labda mtumwa."

Midomo ya Lerato ilikuwa inacheza. "Athumani. Athuman." Kisha akalitamka kizungu, puani, kama profesa. "Otto Mann."

Tukatazamana.

"Eish," akasema. "Nimeyaandikia makanisa ya Ujerumani miezi saba nikimtafuta."

"Ungeandikia Pangani, tungeshakunywa chai."

Saa nane kasoro tano tulikuwa mlangoni kwa msimamizi, mimi nina mafuta ya skrubu kwenye kucha. Alisikiliza bila kuketi. Akaniuliza nimejuaje kwamba hilo ni jina la mtunzi, si la mtu anayeombewa. Nikamgongea mizani mezani pake, vidole nane, nane, nikamweleza desturi ya kaditama, ubeti wa mwisho ambamo mtunzi hujitaja. Akaomba nirudie. Mara ya pili alihesabu pamoja nami.

"Otto Mann," akasema polepole, akajishika kichwa. "Sura inabaki. Na iwe ya kwanza."

Tulirudi kwenye nyaraka karibu tunakimbia. Mama mtunza nyaraka alisoma barua aliyotuandikia msimamizi hapo hapo, akampa Lerato lebo mpya na penseli. Lerato akaandika: Athumani wa Pangani, utafiti kwa mashairi.

"Andika kwa wino," nikamwambia.

"Humu ni penseli tu, kaka. Sheria."

"Basi kandamiza."

Akakandamiza.