Kumi kwa Kila Mtu

...kumi, kasema kumi, tena bila kusita, kwa golikipa yule ambaye kila mwenye macho amemwona alivyomkanyaga mwenzake wa kucheza naye dansi mbele ya majaji wote, binti wa watu akabaki anachechemea huku anatabasamu, na mdogo mtu akageuza kichwa kutoka kwenye televisheni, akamtazama dada yake aliyejikunja kwenye kochi la pembeni na shuka miguuni, akadhani anatania, lakini wapi, dada hana utani kwenye mambo ya maksi, huyu ni mwanamke aliyetahini madereva mpaka akastaafu, mji mzima wakamwita Bi Rudia kwa sababu neno hilo ndilo watu walilokuwa wakishuka nalo garini, rudia kona, rudia kuegesha, rudia mwezi ujao, hata shemeji yake, aliyekuja kumwoa huyu mdogo mtu, hakumwonea haya, alimrudisha na yeye wakati huo ni mchumba tu anayetafuta kupendwa ukweni, akaja hapa sebuleni na soda mkononi, dada akaipokea, akainywa, akasema asante, ila kioo cha pembeni hujakitazama hata mara moja... na huyu huyu golikipa, Jumamosi iliyopita tu, alimpa mbili, akasema anacheza kama mtu anayetafuta swichi gizani, wakacheka mpaka chai ikamwagika, sasa leo kumi, kwa lipi, maana mdogo mtu yeye ndiye mwenye huruma hapa, kila Jumamosi yeye ndiye anayesema jamani mwoneeni huruma, mpira na dansi ni vitu viwili, na dada ndiye anayepasua, hivyo ndivyo wanavyotazama mashindano haya tangu yalipoanza, mmoja anajenga na mwingine anabomoa, ndiyo raha yake, akauliza, "Kumi, dada? Umeona lakini alivyomkanyaga?" na dada akasema, "Nimeona. Lakini amejitahidi, mtoto wa watu."

Amejitahidi... neno hilo limetoka wapi, kinywani mwa dada halijawahi kukaa, aliyejitahidi akaingiza gari mtaroni si yumo mtaroni vilevile, hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia wale waliomlilia, na mdogo mtu alilisikia hilo utoto wake wote, kwenye hesabu, kwenye kufagia, kwenye kitanda kilichotandikwa kikabaki na kikunjo kimoja tu katikati, dada alikuwa anakiona kikunjo hicho akiwa bado mlangoni... sasa anaingia mtangazaji wa habari, yule anayesoma taarifa ya jioni, leo kavaa gauni la bluu lililoachwa wazi mgongoni, muziki umeanza taratibu, ni rumba, na mwenzake, mcheza dansi wa kazi, amemshika kiuno kwa adabu kama aliyekabidhiwa sahani za mwenye nyumba, mabega ya huyu mama yamekauka, magoti hayakunjiki, uso ndio ule ule wa taarifa, mtu unangoja tu atangaze ajali, na mdogo mtu, ambaye kwa kawaida angesema lakini gauni limempendeza, akajikuta anahesabu makosa, hilo bega, hiyo shingo, hapo amechelewa, nani kamwingia kichwani, hii si kazi yake, hii ni kazi ya dada, kwa nini dada haifanyi, mbona yuko kimya, mbona anatabasamu, "Mtazame," dada anasema kwa sauti ya chini, "mtazame anavyofurahi, mtu mzima na akili zake, hajali watu, huyu nampa kumi na yeye"... kumi na yeye, na yule mchekeshaji wa mwanzo aliyesahau hatua akaishia kuzunguka kama anayemkimbiza kuku, naye kumi, yaani leo ni kumi kwa kila mtu, ni sadaka, nini hii, labda ni uchovu, watu wakichoka hawana nguvu ya kugombana, na dada kachoka siku hizi, ngazi za hapa nje anapumzika katikati, anajifanya anatazama maua ya jirani, tangu lini dada akapenda maua... lakini Alhamisi si alikwenda hospitali, na wamesema ni damu tu, imepungua, ale mboga za majani, alisema hivyo mwenyewe, alikataa kusindikizwa, "Ya nini? Naenda kupimwa, siendi kuolewa," mdogo mtu akacheka, akaenda zake kazini kwa dobi, akashika pasi, na mchana dada akapita pale dukani akitokea hospitali, jambo ambalo halifanyi, mvuke unamtia kikohozi, akasimama upande wa ndani wa kaunta, mdogo mtu akamuuliza, wamesemaje, akasema damu, akasema mboga, kisha akalitazama lile rundo la mashati lililokuwa mezani, akapitisha kidole kwenye kola ya shati la juu, akasema, "Umeyanyoosha vizuri. Una mkono mzuri, mdogo wangu."

Na yeye akafurahi! Mungu wangu, alifurahi kama mtoto, Alhamisi nzima, na Ijumaa, akipiga pasi alikuwa anajirudia moyoni, una mkono mzuri, una mkono mzuri, akamsimulia hata mwenye duka, leo dada yangu kanisifu, mwenye duka akasema si kawaida au, akajibu si kawaida kabisa, akacheka, alicheka kumbe... ngoja, majaji wanaongea, yule mwenye miwani anasema kuna hisia, hisia gani, ngoja kwanza, maana dada aliwahi kumsifu, si kwamba hajawahi, alimsifu asubuhi ile wakiwa wadogo, alipomkalisha chini kumsuka, na siku zote kusukwa na dada ilikuwa ni vita, tulia, inamisha kichwa, una kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, lakini asubuhi ile mkono ulikuwa mwepesi, chanuo halikuuma, na dada akasema leo umetulia vizuri, una nywele nzuri, nzuri sana, akamaliza mpaka msuko wa mwisho, akaufunga, ndipo akamgeuza na kumwambia mama harudi tena kutoka hospitali... na siku ya mchuzi je, mchuzi wake wa kwanza kupika peke yake, chumvi imezidi, dada kaumaliza mpaka akafuta sahani, akasema mtamu, umejua kupika, na alipoiweka ile sahani chini akasema baba ameoa, anahama, tutabaki sisi wawili, usilie, tutaweza... mchuzi, nywele, na sasa mashati. Kumbe hivyo. Kumbe dada hasifu mpaka awe na kitu nyuma ya mgongo, anatandika godoro kwanza kabla hajakuangusha, na Alhamisi pale kaunta alitandika, akasimama, akangoja, kidole kwenye kola, na mdogo wake badala ya kuinua macho na kuuliza na nini kingine, dada, akasema asante! akamimina maji kwenye pasi! na dada akatoka akapita kwenye mvuke, akaenda kupanda zile ngazi peke yake na habari yake moyoni, na leo amekuja tena kutandika, kwa golikipa, kwa mtangazaji, kwa mchekeshaji, kumi, kumi, kumi, chumba kizima kimejaa magodoro na hakuna aliyeanguka bado.

Kwenye televisheni mtangazaji anamkumbatia mwenzake, watu wanapiga makofi, na yeye akasikia sauti yake mwenyewe imetoka kavu, "Mimi nampa tatu," akasema, akingoja, nibishie, dada, nivunje, sema huna jicho, sema na hiyo tatu umemwonea huruma, na dada akageuka polepole, akacheka kidogo, "Tatu? Una roho mbaya siku hizi." "Si umenifundisha wewe." "Basi nilikufundisha vibaya," dada akasema, na akarudisha macho kwenye televisheni, na hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote, maana Bi Rudia hajawahi kukiri kwamba amekosea, hata siku dereva aliyempasisha alipomgonga yeye mwenyewe barabarani alisema tatizo ni breki... sasa aseme nini, amuulize, wamesemaje kweli, hapana, akimuuliza atasema damu, atasema mboga, ataficha tena mpaka ashindwe kupanda hata ngazi ya kwanza, usiulize, usilie, zaidi usilie, akilia dada ndiye atakayeanza kumbembeleza, na ambembeleze tena, mara ngapi, tangu siku ya nywele, hebu mdogo naye abebe kitu, na mdogo mtu akanyoosha mkono kama anayerekebisha mto wa kochi, akasema huku anatazama mbele, "Jumatatu naomba ruhusa kazini. Nakwenda na wewe."

"Wapi?"

"Huko unakokwenda."

Majaji wanainua vibao, saba, sita, nane, mtangazaji analia kwa furaha, kamera inamfuata, mgongo ulio wazi unang'aa jasho, na vidole vya dada vinakunja pindo la shuka, vinalikunjua, vinalikunja, na mdogo mtu anapumua kidogo kidogo kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki, anawaza nimekosea, nimemlazimisha, sasa atasimama aseme anakwenda kulala, atasema we mtoto hujui ulisemalo, na angependa aseme hivyo, angependa hata kofi... "Jumatatu yule daktari hayupo," dada akasema hatimaye, bila kumtazama. "Jumanne." Jumanne. Basi iko siku, basi yupo daktari, basi hakuna mboga wala nini, na kitu kilichokuwa kimesimama kifuani mwa mdogo mtu tangu wimbo wa golikipa kikakaa chini, hakikuondoka, kilikaa tu, kizito, lakini sasa anakijua kilipo, akasema, "Jumanne, sawa," na sauti haikuvunjika, na dada akavuta pumzi ndefu, akaivuta shuka mpaka magotini, akasema, "Saa mbili asubuhi uwe umeshasimama mlangoni. Sikungoji. Na usinivalie zile kandambili zako, hospitali nzima watadhani nimekuja na farasi." Kandambili! Mungu akubariki, dada, kandambili, macho yakamjaa, akayafumba kwa nguvu, akayafumbua, kule mbele wawili wengine wanaingia, mwanamume mwenye suti ya kung'aa na mwanamke mfupi anayetetemeka waziwazi, muziki umeanza na hakuna aliyewatazama, kwa sababu mdogo mtu alikuwa ameuliza, "Nivae viatu vipi basi?" na dada alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye kochi, kidole kimoja juu, anamweleza, si vile vyeusi, kisigino kimelika upande, nimekwambia mara ngapi unatembea vibaya, na vile vya kahawia usivifunge kamba kama unavyozifunga, njoo hapa nikuonyeshe, hapana, si hivyo, rudia...