Mdomo wa Kuazima

Kila Jumamosi nikirudi kambini Dzaleka kutoka chuoni Lilongwe, kazi yangu ya kwanza ni kumtungia shangazi yangu, Tantine Gertrude, uzi kwenye sindano kumi na mbili. Macho yake hayaoni tena tundu. Nazichomeka kwenye pazia, naye huzichukua moja moja juma zima. Jumamosi ile nilikuwa nimefika ya saba simu ikalia, nikajichoma kidole.

Alikuwa Madam Amanda, mwalimu wangu, anayenisaidia kuomba nafasi katika shule ya biashara. Alama zangu zilitosha. Insha aliipenda. Lakini barua ya mchungaji wangu ndiyo kwanza ilikuwa imemfikia, na mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi jioni siku hiyohiyo.

"Elodie, barua hii inafaa kumtafutia mtu mume," alisema, akanisomea. Binti mnyenyekevu, anayefagia kanisa bila kutumwa, ambaye hajawahi kupinga neno la mkubwa. "Shule itataka kujua umebadilisha nini. Mchungaji wako hajui habari ya sketi uliyoiandika kwenye insha?"

Hakuijua.

Tantine alikuwa amesikia yote, maana simu yangu hupiga kelele kama redio.

"Sasa unangoya nini? Vaa viatu."

"Nitamwambia nini, Tantine?"

"We njo uko na masomo. Mi niko na sindano saba tu."

Nilikwenda mbio, kisha polepole, kisha mbio tena. Mwaka uliopita akina mama wa kanisa walishona magauni kwa vitenge alivyochagua Pasta Eliezer mwenyewe. Kule soko la Tsoka yalining'inia mpaka yakapauka. Nilisimama pale siku tatu, kimya, nikiandika kila aliyeondoka mikono mitupu alikuwa akiulizia nini. Wazazi walitaka sketi za shule zenye upindo mpana, ufumuliwe mwakani mtoto akirefuka.

Lakini kwetu msichana hasimami mbele ya mchungaji na kumwambia kitambaa chake hakiuziki. Huazima mdomo wa mtu mzima. Nilimnong'oneza Tantine, naye akasema mkutanoni. Sketi zilishonwa, zikaisha kabla shule hazijafunguliwa. Pasta alimsifu Tantine mbele ya kanisa lote, akampa kiti cha mbele, na kila Jumapili Tantine hukikalia kilemba kikiwa kimesimama. Ningewezaje kumwondoa pale?

Nilimkuta Pasta kanisani akipanga mabenchi.

"Binti yangu Elodie! Barua ilifika?"

"Ilifika, Pasta. Asante sana. Ni nzuri."

Nilijichukia. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro. Nikavuta benchi moja, nikalirudisha palepale.

"Kama ni nzuri, mbona unahangaika hivi?"

"Wanaomba iongezwe kidogo. Kitu nilichofanya."

"Si nimeandika unafagia?"

Mtu alicheka mlangoni. Tantine alikuwa ameshuka kwenye kabaza, mwendesha baiskeli akihema kuliko yeye, uzi mweusi ukining'inia kwenye mkono wa blauzi yake.

"Nilijua," alisema. "Nilijua utakuja huku kumusaidia Pasta kupanga mabenchi."

"Mama Gertrude, basi nielezee weye," Pasta alisema. "Huyu mutoto alifanya nini?"

Sote wawili tulimgeukia, kama tulivyozoea. Tantine alikitazama kiti chake cha mbele. Kisha akaketi benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, akaanza kuuvuta ule uzi.

"Leo mudomo wangu hauazimwe, Pasta. Mwenyewe iko hapa, umuulize."

Pasta alinigeukia. Alichomoa kalamu mfukoni, akangoja. Nilimtazama Tantine aniokoe, lakini alikuwa ameinamia uzi wake kana kwamba anauona vizuri.

"Vile vitenge vyako, Pasta, batu habakuvipenda," nilisema. Sauti yangu iligonga bati la paa, ikanishtua. "Nilisimama Tsoka siku tatu, nikaona. Ile sketi ya upindo mpana, mi njo niliiwaza. Sikuogopa kuwaza, niliogopa kukupinga. Ninaomba uandike hayo, na kwamba leo nimekupinga."