Pua ya Gari la Baba

"Hapa ndipo gari linapovutia pumzi, mama," Cheche alimwambia mama mkwe wake, akaliinua lile bomba la aluminiamu lenye matawi manne. "Manifodi. Hewa yote ya injini inapita humu. Walilitengeneza jembamba, tena ndani limejaa mikwaruzo. Leo nalipanua pua."

"Lipanue, mwanangu. Likipiga chafya, mimi simo."

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, na jina hilo alipewa kwa sababu ya cheche zilizokwisha kutoboa kila nguo yake. Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Ndani yake alifundishwa kuendesha, na ndani yake alijifunza matusi yote anayoyajua. Alilipenda mno, basi, na wala hakuona haya kusema hivyo. Kasheshe ilikuwa shemeji yake, mtoto wa mama mkwe huyo, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyeitwa Mizani mtaa mzima. Huyo alikuwa amelimezea mate muda mrefu, mpaka wakawekeana masharti: likipanda mlima wa tangi la maji bila kusimama, Mizani asilitaje tena. Likisimama, analibeba. Halikuwa limewahi kuumaliza mlima huo bila abiria kushuka kusukuma.

Manifodi jipya lilikuwa ndoto, kwa hiyo Cheche alilisugua lile la zamani kwa tupa na msasa mpaka likateleza ndani, akalichomelea mdomo mpana. Mdomo wenyewe aliukata kwenye takataka za uani kwa Mizani, na Mizani mwenyewe ndiye aliyemshikia taa. Matundu manne ya injini alikuwa ameyaziba kwa vitambaa ili uchafu usiingie. Vilichanwa kutoka gauni la kulalia la mama mkwe, la maua ya zambarau. Baba yake alizoea kuvifunga vitambaa vyote kwenye uzi mmoja, ukivuta kimoja vinatoka vyote. Cheche aliona hayo ni mambo ya kizee.

Alipomaliza kukaza nati, moyo ulikuwa ukimdunda kama wa bibi harusi. Mizani aliketi mbele kama shahidi. Mama mkwe akajipakia nyuma.

"Mama, shuka, unaliongezea uzito!" Mizani alisema.

"Nani mzito? Endesha, mwanangu."

Gari liliwaka kwa kutetemeka, likikohoa. Lakini Cheche alishaapa, akakanyaga mafuta. Mlima ukaanza. Likakohoa, likayumba, likavuta. Mizani akaanza kuimba wimbo wa mazishi. Mama mkwe akampiga kofi la kisogo na kuanza kulishangilia gari kwa vigelegele, naye Cheche akicheka huku machozi yakimtoka, akilibembeleza, "Twende baba, twende baba," mpaka tangi likatokea mbele yao, likapita pembeni, likabaki nyuma.

"Limepanda!" alipiga kelele. "Shemeji, limepanda!"

"Limepanda likiwa mgonjwa," Mizani alisema, amenuna. "Sikiliza linavyotetemeka."

Hilo lilikuwa kweli. Cheche alifungua boneti, akalegeza nati huku vidole vikiungua, akalitoa manifodi. Tundu la kwanza wazi. La pili wazi. La tatu wazi. Ndani ya la nne kulikuwa na maua ya zambarau.

Mama mkwe aliinama, akachungulia. Kisha akasema, "Hilo si gauni langu?"

Hawakuwa na mbavu. Mama mkwe alijishika kiuno, Cheche akakaa chini barabarani kabisa. Alikuwa amelipandisha gari la baba yake mlimani likiwa limezibwa robo ya pua, na uzi wa mzee ungemwepusha na yote hayo. Alimkumbuka, akazidi kucheka. Mizani peke yake alibaki amesimama, amekishika kile kitambaa kwa ncha za vidole, akipiga hesabu usoni.

"Kwa hiyo hilo," alisema polepole, "lilikuwa linavuta kwa matundu matatu tu?"

Cheche alikuwa amesharudisha manifodi na kufunga nati, na mama mkwe ameshahamia kiti cha mbele. Waligeuza, wakateremka mpaka chini, wakaanza upya. Safari hii gari halikukohoa. Lilinguruma, likaukwea mlima kwa mkupuo mmoja, likampita Mizani na kitambaa chake, na vumbi likamfunika.

"Jamani, nisubirini!" alipaza sauti.

"Tembea, mwanangu," mama yake alimjibu dirishani. "Unatuongezea uzito."