Pombe ya Nyumba ya Sylvanus

Desemba ya mwaka tisini na tisa ilipofika tarehe ishirini, migomba ya Mwika juu ilianza kuota magari. Kahawa ilikuwa imeng'olewa karibu nusu, bei yake imekufa na haijaliliwa na mtu, lakini magari yalistawi. Yalitoka Dar, yakatoka Arusha na Mwanza, yakipanda ile barabara ya udongo kwa kunguruma, na ndani mlikuwa na watu waliosahau jina la jirani ila bei ya tairi wanaikumbuka. Walishuka wakijinyoosha migongo, wakavuta hewa kwa pua kama watu wanaonusa mchuzi, wakasema, "Aa, nyumbani ni nyumbani!" Kisha wakauliza maji ya moto yako wapi.

Mektrida aliwatazama akiwa mlangoni pa jiko lake, mikono imejaa unga wa ulezi. Hakuwa na muda wa kuwacheka sana. Mwaka ule zamu ya kupika mbege ya ukoo, ile pombe ya ndizi na ulezi, ilikuwa imeangukia nyumba yake, na mbege haimsubiri mtu. Ndizi zilikwisha kuiva, zikachemshwa, zikachacha siku zake. Sasa ulikuwa wakati wa kuchanganya ulezi. Zamu hiyo alipangiwa mumewe, Sylvanus, Krismasi iliyopita, akiwa mzima na anacheka. Mwezi wa tano alizikwa kando ya migomba. Zamu haikuzikwa naye.

Sylvanus alikuwa kitinda mimba wa baba yake, na kwa desturi ya huku mlimani kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, lile shamba la migomba la urithi. Alibaki. Aliwauguza wazee wote wawili, akawazika, akalima. Kaka yake Primus alikuwa mtoto wa katikati, na mtoto wa katikati hupewa baraka na nauli. Primus alizitumia zote mbili vizuri. Alishuka Dar, soko huria likamkuta mlangoni amejiandaa, na sasa alikuwa na maduka mawili ya vipuri, tumbo moja kubwa, na nyumba ya vigae aliyoijenga ubavuni mwa kihamba cha Sylvanus. Nyumba hiyo ilikaliwa na watu siku sita kwa mwaka. Siku zilizobaki popo ndio walikuwa wenye nyumba, na kwa kweli waliitunza kuliko yeye.

Tarehe ishirini na tatu Primus alivuka masale, ile mimea iliyopandwa mpakani, akiwa na simu ya mkononi. Alizunguka kihamba kizima ameinua mkono kama mtu anayetafuta kiti kanisani, mpaka simu ikashika mtandao. Ilishika mahali pamoja tu, juu ya tuta la kaburi la ndugu yake. Akasimama pale, viatu vyake vya ngozi vimezama kwenye udongo, akazungumza robo saa habari za kontena.

Alipomaliza alimkuta Mektrida amesimama nyuma yake.

"Shemeji! Habari za tangu msiba?"

"Nzuri. Shuka hapo."

Primus alitazama chini, akashuka, akapangusa viatu. Kwake kupangusa viatu ilikuwa ndiyo samahani. Kisha akatoa mfukoni kamba ya kupimia, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, akamwita dereva wake ashike ncha.

"Unapima nini?" Mektrida aliuliza.

"Napima tu, shemeji. Watalii wanakuja kupanda mlima, wanakosa pa kulala penye mandhari. Hapa pana mandhari."

"Hapa pana mimi na Lukresia."

"Lukresia ni mtoto wa kike, ataolewa. Na wewe bado una nguvu, kwenu kupo." Alisema hayo kwa upole kabisa, kama mtu anayemshauri mgonjwa anywe uji. "Nyumba ni mwanamume, shemeji. Mwanamume akiondoka, nyumba inarudi kwa ukoo. Mtondo wazee wataliweka sawa."

Mektrida alielewa mara moja. Mtondo maana yake siku ya pili ya Krismasi, siku ya mbuzi wa ukoo. Siku hiyo wanaume huchinja, hugawa nyama, na kila fungu huitiwa nyumba yake kwa jina: nyumba ya fulani, kidari, nyumba ya fulani, paja. Si shibe inayotafutwa pale. Nyumba iliyoitwa ipo. Nyumba isiyoitwa imekufa, na kihamba chake ni cha atakayekiwahi. Nyumba ya marehemu huendelea kuitwa kwa jina lake maadamu moto unawaka jikoni. Moto wa Mektrida ulikuwa unawaka. Lakini mwaka ule mwenye kuandaa orodha alikuwa Primus.

Siku yenyewe ilifika na jua kali, watu wakakusanyika uani kwa Primus. Primus alikuwa amekodi jenereta, spika mbili kubwa kama makabati, na mpiga video kutoka Moshi mjini aliyevaa fulana yenye mifuko mingi isiyo na kitu. Wazee walioketi tangu ujana wao juu ya magogo waliwekwa kwenye viti vya plastiki, wakakaa wima wakiogopa kuanguka. Mke wa Primus hakutaka masizi kwenye vigae vyake, kwa hiyo wanawake wote walipelekwa kupika mtori wa ndizi uani kwa Mektrida, ng'ambo ya masale.

Zamani mwanamke hakujua kilichosemwa kwenye nyama mpaka mumewe arudi. Sasa, kwa hisani ya spika za Primus, hata ng'ombe zizini walisikia.

"Mezani kwetu, karibuni!" Hiyo ilikuwa sauti ya Sirili, mpwa wa Primus na katibu wa kamati. Ukoo uliogawana mbuzi tangu enzi za mababu bila karatasi ulikuwa na kamati sasa. "Tutafuata orodha iliyochapwa. Nyumba ya Meku Ndelilio, kidari!"

Makofi. Mzee Ndelilio, Meku kwa lugha ya huku, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, hakuna aliyeshangaa.

"Nyumba ya Ndugu Primus, paja la kulia!"

"La kulia!" Justina alinong'ona huku akikoroga. Alikuwa dada yao Primus na Sylvanus, ameolewa bonde la pili, na ulimi wake ulijulikana mabonde yote mawili. "La kulia ni la anayekaa na wazazi. Huyu alikaa na mama siku ngapi? Hata mazishini aliwasha gari kabla ya amina."

Majina yaliendelea. Mbavu, shingo, bega. Mtu wa Mwanza ambaye hakuna aliyemfahamu sura alipewa figo. Mwisho Sirili akasema, "Na hapo ndio tumefunga orodha. Muziki kidogo!"

Muziki ukapigwa. Uani kwa Mektrida miiko ilisimama.

"Wifi," Justina alisema taratibu, "hawajamwita marehemu."

"Nimesikia."

"Sasa utakaa tu?"

Mektrida alipunguza kuni chini ya chungu. Akafuta mikono kwenye kanga. "Wanaume wazima ishirini na tatu wamekaa pale," alisema. "Wamelala hapa wakilewa, wakafunikwa na mablanketi ya nyumba hii. Nangoja mmoja akohoe."

Hakuna aliyekohoa. Wote walikuwa wanatazama kamera.

Muda si muda Sirili alikuja akipita kwenye masale, nyuma yake vijana wanne wa kubeba mapipa.

"Shikamoo mama Lukresia. Wazee wanaomba pombe, wabariki nyama."

"Marahaba. Pombe ya nani?"

"Ya ukoo, mama."

"Imepikwa nyumba gani? Maana Meku atauliza. Kabla ya kuwamwagia mababu chini huuliza, 'Hii imetoka nyumba ya nani?' Utamjibu nini?"

Sirili alitazama karatasi yake.

"Tafuta vizuri," Mektrida alisema. "Umechapa kwa mashine, haiwezi kukosea."

"Haimo, mama."

"Basi na pombe haimo."

Justina akaketi juu ya mfuniko wa pipa la kwanza, akapanga miguu. Lukresia, ambaye alikuwa kidato cha tatu na mwenye aibu, alikaa juu ya la pili. Wanawake wengine hawakuambiwa; walijaza mapipa yaliyobaki kwa makalio yao. Sirili alirudi alikotoka.

Kupitia spika walimsikia Primus akicheka, akisema hakuna tatizo, kreti za bia zipo, za baridi, kazi iendelee. Kisha ikasikika sauti ya Meku Ndelilio, kavu, karibu mno na kipaza sauti.

"Baba yangu hakujua kusoma. Nikimmwagia hii ya chupa, atajuaje ni nini?"

Kicheko. Primus akasema mambo yamebadilika, Meku, hata huko waliko wamezoea. Walisikia chupa ikirudishwa mezani.

Ingependeza kusema kwamba wazee walisimama kwa sababu ya haki. Hapana. Haki ilipita mbele yao na karatasi yake wakaitazama kama mpita njia. Kilichowainua ni kiu. Harufu ya mbege iliyoiva ilivuka masale, ikaingia puani mwa watu walioshindia mate tangu asubuhi, na nyama bila mbege ni kama misa bila padri. Alianza Meku Ndelilio na fimbo yake. Wakamfuata wawili, kisha watano, kila mmoja akijifanya anakwenda kumtazama mwenzake.

Mektrida aliwapokea mlangoni akiwa na kata za vibuyu, moja mkononi. Alichota ikajaa, akaonja yeye kwanza kama inavyompasa mpishi, kisha akamnyooshea mzee. Mzee aliposhika, yeye hakuachia.

"Unakunywa nyumba ya nani, Meku?"

Mzee alimtazama. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga, na uso wake ulijaa aibu kama mtu aliyeamshwa kanisani. "Kwa Sylvanus," alisema.

Mektrida akaachia.

Wa pili aliulizwa hivyo hivyo, na wa tatu. Aliyesema "kwako, mama" alirudishwa nyuma ya mstari, Justina akimsindikiza kwa maneno. Hata mtu wa Mwanza alifika na figo yake kwenye mfuko wa nailoni, akafundishwa jina, akalisema.

Uani kwa vigae walibaki Primus, spika, na nyama inayovutia nzi. Mpiga video naye alikuwa kwenye mstari. Ndipo Primus akavuka.

"Shemeji, unatuaibisha mbele ya wageni."

"Karibu. Unakunywa nyumba ya nani?"

Alitabasamu, akatafuta mtu wa kutabasamu naye. Wanaume wote walikuwa wanatazama ndani ya kata zao. "Kwa Sylvanus," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijasikia!" alisema Meku Ndelilio, ambaye siku ile masikio yake yalikuwa mabovu kwa makusudi.

"Kwa Sylvanus!"

"Vizuri. Sirili, andika, na ukate paja la kulia lije hapa. Na wewe Primus, mtu hapimi kihamba cha nyumba aliyokunywa pombe yake. Watalii walale kwenye vigae vyako, popo watawapisha."

Watu walicheka kwa sauti kubwa, wale wale walionyamaza saa moja kabla. Mektrida hakucheka nao. Tangu mazishi watu walimwita mumewe marehemu, kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Miezi saba hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa mtu mwingine, na sasa alikuwa amelisikia mara ishirini na moja mchana mmoja, kutoka kwa watu asiowaheshimu hata mmoja, na bado lilikuwa tamu.

"Mama," Lukresia alinong'ona, "pipa la mwisho linaisha. Tuwaambie?"

"Kimya," alisema, akiinamisha kata. "Bado wawili hawajasema."