Gramu Kumi na Moja

Mimi Védaste ndiye niliyempeleka kaka yangu jela, na sikumsingizia neno. Nilimfundisha fizikia tu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1949. Daraja lilikuwa limevunjika, malori hayashuki Walikale, kwa hiyo kampuni ya madini ikarudia kubebesha watu mizigo vichwani. Kaka yangu Karangwa alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapagazi kumi na wawili. Huko bondeni walipimiwa mchanga wa bati, umetoka kuoshwa mtoni saa ileile, kila mfuko kilo thelathini. Wakapanda nao siku nne kwenye jua kali, wakapita Kashebere, wakafika Masisi. Mizani ya Masisi ikasema kila mfuko umepungua kilo moja na zaidi. Mzungu wa kampuni akasema wameiba, na kapita ndiye atakayejibu. Kesi ikawekwa Jumatatu mbele ya administrateri, Mzungu mtawala wa wilaya.

Jumapili baada ya misa tulikaa kwa Karangwa. Mkewe, Mukandori, alikuwa anaanika maharagwe uani.

"Ile muchanga ilitoka mu mayi ya mto," alisema bila kuinua kichwa. "Jua njo ilikausha. Hata maragi yangu inafanyaka vile. Waambie waweke mufuko moja mu mayi, wapime, waanike, wapime tena."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Mlima mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa na diploma ya ualimu, na nilijua kwamba kitu kikienda juu, mbali na ardhi, uzito wake hupungua. Walikale ni chini, Masisi ni juu. Kulikuwa na nini tena cha kujadili?

"Mama Daphrose," nikamwambia, "hii iko mambo ya masomo. Usimupeleke kaka mbele ya Wazungu na mambo ya jikoni."

Karangwa alimtazama mkewe, akatazama viatu vyangu, akachagua viatu. Mchana kutwa nilimkaririsha hoja yangu kama katekisimu, mpaka akaijua.

Jumatatu alisimama wima akaisema yote, hakukosea hata neno moja. Administrateri aliuliza nani amemfundisha. Nikasimama. Naona haya kusema, lakini nilikuwa na furaha. Akachukua kalamu ya risasi, akapiga hesabu kidogo pembeni mwa karatasi.

"Mwalimu anasema kweli," akasema. "Toka kule mpaka hapa, kilo makumi tatu inapunguka gramu kumi na moja. Basi, kapita, ile kilo ingine iko wapi?"

Watu wakacheka. Karangwa akageuka kunitazama, akingoja niendelee. Shuleni nilikariri kanuni. Kupiga hesabu yake sikuwahi kufikiria.

Ningeweza kusema habari ya maji pale pale. Mukandori alikuwa amesimama mlangoni, ananikazia macho, na nilielewa anachotaka. Lakini ningelazimika kukiri mbele ya wote kwamba mwanamke wa maharagwe alijua na mwalimu hakujua. Nikakaa. Kaka yangu akapigwa viboko vinane, akafungwa miezi miwili.

Kabla hajatoka, kampuni ilikwisha kuanza kukausha mchanga kule mtoni kabla ya kuupima. Mzungu fulani alikuwa ameligundua jambo hilo, wakampongeza. Hakuna aliyemkumbuka kapita.

Nilidhani Karangwa atanichukia. Ingekuwa afadhali. Alitoka amekonda, anakaa upande mmoja kwa makovu ya viboko, na kila penye pombe anasimulia: "Mudogo yangu alisema kweli. Hata Muzungu mwenyewe alikubali!" Mimi nainamisha kichwa na kunywa.

Muhula ulipoanza aliniletea binti yao Daphrose darasani kwa mkono wake. "Mufundishe na yeye ile fizikia," akasema, tena kwa kicheko.

Kesho yake asubuhi Mukandori aliingia katikati ya somo. Hakunisalimu. Alimshika mtoto mkono, akatoka naye, nami nikaendelea kuandika ubaoni.