Jiko la Shangazi Hemnalini

Matanga ya mumewe yalipoanuliwa, nyumba nzima ilirudi kula samaki, ila Minoti. Hakuna aliyemkataza. Dunia imebadilika, na hata pale mjini Katwa wajane wa Kihindu wa siku hizi wanakula samaki wa ilish mchana kweupe na mbingu haijaanguka. Mwanawe Tapash alimbembeleza weee, kisha akamletea daktari, na daktari akasema mwili wa mama unataka protini. Minoti aliwasikiliza wote kwa adabu, akala wali na mboga zake, akazidi kukonda.

Walidhani ni dini. Wapi! Ilikuwa hamu ya mapishi ya shangazi yake, Hemnalini, hamu aliyoificha tangu aolewe. Mke mwenye mume wake hai hawezi kutamani chakula cha wajane; ni kumchulia mume.

Hemnalini alifiwa na mume akiwa na miaka kumi na sita, hata kumzoea hajamzoea. Akarudishwa kwa kaka yake, baba yake Minoti, akavishwa nyeupe, akapewa jiko lake la udongo nyuma ya nyumba, mbali na harufu ya samaki. Nyama marufuku, samaki marufuku, mayai, vitunguu, hata dengu nyekundu, ambazo wazee waliziweka fungu moja na nyama kwa kuwa eti zinachemsha damu. Basi mwanamke yule akafanya maajabu kwa kilichobaki. Fenesi bichi alilipika ukatafuna huku unatafuta mfupa. Na dengu za manjano je? Alizisaga juu ya jiwe kwa tangawizi na mvuje, akazikausha kwenye karai, akazikata vipande, akavikaanga na kuvitosa kwenye mchuzi wa jira na samli.

Watoto waliacha samaki sahanini wakamkimbilia. Naye hujifanya kukasirika.

"Mna samaki kwenu, mnakuja kumpora mjane? Hamna haya nyie."

Kisha huwagawia mpaka yeye anabaki na mchuzi mtupu. Minoti alimpenda kuliko mama yake mzazi, na hana hata picha yake moja.

Mwishowe alimfungulia moyo Rumki, mke wa Tapash. Rumki alicheka, akamuuliza kwa nini hakusema mapema badala ya kuwahangaisha na daktari, akataka aelekezwe hatua kwa hatua. Kesho yake, Minoti akiwa katika sala zake za mchana, Rumki alijifungia jikoni. Sahani ilipowekwa mezani, harufu ya mvuje na samli ilimpiga Minoti hadi machozi yakamlenga. Vipande vilikuwa vya kahawia, vimekatwa vizuri. Akamega kimoja.

"Nimetumia zile nyekundu, Mama," Rumki alisema kwa furaha. "Zinalainika upesi."

Mkono wa Minoti ukasimama. Rumki alikulia kwenye ghorofa Kolkata, hakuwahi kuona nyumba yenye majiko mawili, angejuaje? Lakini Minoti alijua, na tangu awe mjane hakuwa amezigusa. Kuisukuma sahani ni kumvunja moyo mkwewe. Kula ni kuivunja sheria ambayo shangazi aliishika maisha yake yote.

Ndipo alipokumbuka jambo. Siku mama yake alipopika dengu nyekundu, Hemnalini alimwita Minoti kizingitini baada ya chakula, akamuuliza kwa sauti ya chini kama zimekolea, kama zimetiwa ndimu, kama zimekuwa nzito au nyepesi. Alizipenda mno utotoni. Alisikiliza jibu mpaka mwisho, taratibu, na aliendelea kuuliza hivyo hata alipozeeka na meno kumtoka.

"Mama, nimekosea?" Rumki aliuliza. "Acha basi, nitapika nyingine."

"Kaa, mwanangu."

Minoti akatia kipande kinywani. Kilikuwa laini mno, hakikufikia vya shangazi hata kidogo. Akatafuna, akameza, akachukua cha pili, na sasa alikuwa akilia bila kujificha.

"Ni dengu tu, Rumki," alisema. "Mtoto wa miaka kumi na sita. Wakamnyima dengu mpaka akafa."