Vituo vya Shemeji

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tisa, mwezi wa pili, saa mbili na robo asubuhi, bwana misitu alipofunga geti la msitu kwa mnyororo na kufuli, kisha akaniletea mbwa nyumbani akiwa amemfunga kamba ya katani. Mke wangu alikuwa amekwisha kufa wiki tano kabla, lakini siku ile siihesabu. Siku ile nilifanya nilichoambiwa: kaa hapa, shika hiki, tia sahihi pale. Kufuli ndilo lililonianzishia kazi.

"Mbwa haruhusiwi tena msituni," alisema bwana misitu. "Nikimkuta anazurura, nampiga risasi."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kibao walichotundika getini nilikisoma. Kilisema ni kwa ajili ya kulinda wanyama wa porini. Wanyama gani, sijui. Miaka thelathini naishi hapa sijaona hata sungura. Nilichoona ni malori ya magogo yakitoka geti hilo hilo, na kwa lori kufuli linafunguka. Wakubwa ndivyo walivyo. Mwenye lori anapita, mwenye mbwa anasomeshwa kibao.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa mke wangu, mimi nilikuwa namlisha tu. Mwekundu, sikio moja limelala, jina lake Shemeji. Mke wangu alisema nyumba isiyo na shemeji haina wa kutaniwa. Miaka sita, kila asubuhi, walitoka pamoja kwenda kutembea, wakarudi mimi nimeshafungua kibanda changu cha viatu mbele ya nyumba. Alipokufa, Shemeji akawa anakwenda peke yake na kurudi saa nne kulala chini ya meza yangu. Mimi sikuulizwa kitu.

Sasa nikamfunga kwenye nguzo, na Shemeji akaanza kulia. Si kubweka. Kulia, sauti moja ndefu kama mashine ya kusaga inayowashwa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Jirani yangu ni mlinzi, kazi yake usiku, usingizi wake mchana. Alivumilia siku nne, ya tano akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti tunamwita Muhuri, kwa sababu hata ukimsalimia anapapasa mfuko kutafuta muhuri. Alikuja na karatasi.

"Bwana fundi, pole na msiba."

"Nimeshapoa."

"Nina malalamiko hapa. Mbwa aitwaye..." Aliisogeza karatasi machoni. "Shemeji?"

"Ndiye huyo."

"Basi shemeji yako anasumbua wananchi."

"Mlinzi ni mwananchi mmoja."

"Mmoja aliyeandika. Nakupa mpaka Jumamosi. Akiwa bado analia, namleta mtu wa mifugo aje amchukue."

"Ampeleke wapi?"

Muhuri alivitazama viatu vya watu vilivyopangwa ukutani. "Fundi, wewe ni mtu mzima. Mbwa akichukuliwa na mtu wa mifugo, unadhani anapelekwa wapi?"

Aligonga muhuri juu ya meza yangu, karatasi ikanasa kwenye gundi. Ilibidi aichane kidogo kuitoa.

Jioni binti yangu akapiga simu.

"Baba, mwache aende. Wewe mwenyewe hujawahi kumpenda."

"Sijasema nampenda."

"Sasa?"

"Mama yako kamlea miaka sita. Siwezi kumtoa akauawe kwa sababu serikali imenunua kufuli."

"Basi mtembeze. Analilia kutembea, hakuna kingine."

"Wapi? Msitu umefungwa."

"Tafuta, baba. Kwani hapo kwenu njia ni hiyo moja?"

Mimi si mtu wa kutembea. Watu wanatembea, mimi nakaa, ndivyo ninavyokula. Lakini Jumatatu nilichelewa kufungua kibanda, nikamshika Shemeji kamba, tukaenda kutafuta.

Tulianza na njia ya mtoni, chini ya mashamba ya mahindi. Mtu angesema ni pazuri. Maji yanaonyesha mawe ya chini, mianzi imeinama, kuna ndege wa buluu anatumbukia na kuibuka na kisamaki. Nilipaona pazuri kama unavyoiona bei ya kitu usichokusudia kununua. Shemeji alivuta kamba kurudi nyuma njia nzima, na tulipofika nyumbani akalia mpaka saa sita.

Jumanne nilijaribu barabara ya vumbi katikati ya mikaratusi. Kivuli cha kutosha, harufu kama dawa ya kuchua kifua. Wakatokea mbwa watatu wasio na mwenyewe, wakatutimua, nikaacha kandambili moja huko huko. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni kwake, macho mekundu, akaniona nachechemea, mguu mmoja peku.

"Fundi," akasema, "umekosa fundi?"

Sikumjibu. Shemeji alimjibu kwa niaba yangu, mpaka saa sita.

Jumatano mvua. Alhamisi nilikuwa nimechoka, nikailegeza kamba. "Haya," nikamwambia, "nipeleke wewe."

Hakuelekea getini. Miaka yote sita nilijua mke wangu anapita getini, kwa sababu ndiko kila mtu anakopita. Shemeji alikata nyuma ya tangi la maji, na hapo hapo kwenye ukingo wa saruji akaketi. Nikavuta, akakaza. Baada ya muda akanyanyuka mwenyewe, akaenda hatua kama hamsini, akaketi kwenye mzizi. Kisha kwenye jiwe. Kisha kwenye gogo. Nikadhani ni uzee. Njia ilikuwa tambarare, ya udongo laini, ukuta wa kijani upande mmoja na bonde upande wa pili, ukungu bado uko chini. Mara saba aliketi, na si mbali. Mtu mwenye haraka angefika kabla sigara moja haijaisha.

Njia iliishia kwenye kitalu cha miche ubavuni mwa msitu, ambako hakuna geti wala uzio. Mama mmoja alikuwa amekalia ndoo, anajaza udongo kwenye viriba vyeusi vya kupandia.

"Shemeji," akamwambia mbwa, "ulipotelea wapi?" Kisha akanitazama. "Na wewe ndiye mume."

"Umenijuaje, mama?"

"Mikono. Alisema mume wake ana mikono ya gundi."

Nikamwuliza kama tunaweza kupita hapo na mbwa kila siku, nikamweleza habari ya Jumamosi.

"Piteni. Bwana misitu haji huku, kuna matope, anaogopea viatu vyake."

"Angeniletea."

"Asingekulipa." Akacheka kidogo, nikaona ni zamu yangu kucheka, lakini haikuja.

"Huyu mbwa miguu inamsumbua?" nikauliza. "Kila mahali anaketi."

Akaweka kiriba chini. "Si yeye, baba. Mkeo ndiye aliyekuwa anaketi. Huyu alizoea kumsubiri."

Nilimtazama Shemeji, naye alikuwa anaitazama ile ndoo.

"Zamani walikuwa wanaingilia getini, wanapita hapa mbio, wanapanda mpaka kileleni, kule unakoona mji mzima. Baadaye wakawa wanaishia kwenye mti ulioanguka. Tangu mwezi wa sita mwaka jana wanaishia hapa. Getini kuna mlima, ndiyo maana akahamia huku. Nampisha kwenye ndoo hii, anahema, wanarudi. Alipoanza kuja mbwa peke yake, nikajua."

"Klinikini walimwambia ni uchovu," nikasema. "Wakampa vidonge vyeupe. Wale ndio walioniulia mke." Hilo nilikuwa nimemwambia kila mteja aliyekalia benchi langu.

Mama yule alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwanzoni ndiyo, walisema uchovu. Lakini mwezi wa sita walimwambia ni moyo, wakampa karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Nilimwambia nenda, mwenzangu, usichezee moyo. Akasema, nimemwambia mume wangu, amesema tutaona."

Neno hilo ni langu. Ukiniuliza kiatu chako kitakuwa tayari lini, nasema tutaona. Ukiniambia mvua inakuja, nasema tutaona. Nalisema misumari ikiwa mdomoni.

Nilirudi nyumbani nikatoa viatu vyake vya kutembelea chini ya kitanda. Soli nilizitia mimi mwezi wa tano. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimezigeuza nikaziona hazijalika, nikajisifu mbele yake kwamba soli yangu inakaa miezi sita kama mpya. Aliitikia, "Mume wangu ni fundi." Alama za kisu changu bado zilikuwa zinaonekana pembeni.

Ijumaa tulikwenda, na siku hiyo Shemeji hakulia. Jumamosi Muhuri alikuja na karatasi yake iliyochanika, akasimama uani akisikiliza. Kilichosikika ni mlinzi akikoroma. Muhuri alitoa muhuri mfukoni, akatafuta pa kuugonga, hakupaona, akaurudisha.

Kwa hiyo mbwa amebaki, na maadamu amebaki lazima apelekwe, na njia anayoikubali ni moja. Kila asubuhi anaketi mara saba na mimi nasimama mara saba. Kileleni hatujafika. Ningeweza kwenda klinikini kuwagombeza, lakini kule wana daftari la alichoambiwa yeye. La alichoniambia mimi hakuna mwenye nalo. Nimejaribu kulikumbuka neno lake hata moja, silipati. Nimemwuliza binti yangu, hajui. Nimemwuliza mama wa kitaluni, akasema hayo ni ya watu wawili. Siku ile mke wangu alipokuja, nadhani mlangoni mwa kibanda na karatasi mkononi, je, niliinua uso nikamtazama, au nilimjibu nikiwa nimeinamia kiatu cha mtu?